Somo la 8: Kuitikia Kilio

*Agosti 15–21

SABATO MCHANA

Somo la Juma Hili Soma: Kum. 22:25–27, Law. 5:1, 2 Sam. 13:1–22, Kut. 2:15–19, Ruthu 2:8, 9, 22, Yer. 38:6–13, Luka 10:30–37, Isa. 59:14–16.

Fungu la Kukariri: Mithali 24:11, 12. Lisome katika Biblia yako na ulikariri kabla ya Sabato. Angalia mambo mawili: agizo la kuwaokoa wanaopelekwa kwenye mauti, na jibu la Mungu kwa wale wanaojitetea kwamba hawakujua.

Jumapili asubuhi, Novemba 6, 2022, ndege ya shirika la Precision Air ilianguka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43. Waliofika kwanza hawakuwa waokoaji wenye vifaa na mafunzo. Walikuwa wavuvi wa ufukweni, kwa mitumbwi na makasia. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Mmoja wa wavuvi hao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima, na serikali ikaagiza achukuliwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Watu wa kandokando ya ziwa, kuanzia Mwanza hadi Musoma na Bukoba, wanaelewa jambo hili bila kufundishwa: mtu akizama, aliye karibu ndiye mwokoaji. Hakuna anayeuliza kwanza kama anayezama ni ndugu yake, ni wa kabila gani, au alifuata nini majini saa ile. Lakini msichana wa chuo akivutwa mkono kuelekea chumba asichotaka kuingia, wengi wetu huanza na maswali hayo hayo. Ni nani wake? Amevaaje? Kwa nini alitoka usiku? Maswali yakiisha, mlango umekwisha kufungwa.

Sabato ya nne ya mwezi wa Agosti, Kanisa la Waadventista wa Sabato ulimwenguni hutenga siku ya kusema wazi juu ya ukatili. Ni sehemu ya mpango wa enditnow, ulioanzishwa mwaka 2009 na shirika la ADRA pamoja na Idara ya Huduma za Wanawake. Juma hili hatutamzungumzia sana anayetenda uovu, ambaye Biblia imekwisha kumhukumu. Tutamzungumzia mtu wa tatu: yule aliyekuwepo, aliyeona au kusikia, na aliyekuwa na nafasi ya kufanya kitu.

*Jifunze somo hili kwa ajili ya Sabato ya Agosti 22.

JUMAPILI — Agosti 16

Kilio cha Kondeni

Soma Kumbukumbu la Torati 22:25–27. Sheria hii inamwona msichana kuwa na hatia gani? Inalilinganisha tendo la mwanamume na kosa gani jingine?

Jibu la Musa ni la wazi. Msichana hana kosa lolote, na tendo alilotendewa ni kama la mtu anayemwinukia jirani yake na kumwua. Haliitwi utani wa vijana, wala mapenzi yaliyozidi kipimo. Kisha fungu la 27 linaongeza neno la kuhuzunisha: msichana alipaza sauti, lakini hapakuwa na mtu wa kumwokoa. Angalia kwamba sheria inamwamini ingawa hana shahidi. Angalia pia inavyochukulia kuwa, kama mtu angekuwepo karibu, mtu huyo angeitikia. Haikumfikiria kabisa jirani anayesikia na kujifunika blanketi.

Wengine wametumia mafungu yanayotangulia kudai kwamba asiyepiga kelele amekubali. Huo si uamuzi wa haki. Mtu aliyeshambuliwa mara nyingi hushikwa na ganzi. Sauti hukauka, viungo havitii. Mwingine ametishiwa, mwingine amelewa hata hajui alipo. Sheria ya nchi yetu, katika kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, haihesabu kuwa ni ridhaa kitu kilichopatikana kwa nguvu au kwa vitisho. Ukimya wa mtu aliye hatarini ni sababu ya sisi kusogea karibu zaidi.

Wasukuma wana neno kwa ajili ya kilio hiki: mwano. Ni yowe linalopigwa mtu anapovamiwa, na desturi inamtaka kila mtu mwenye nguvu anayelisikia atoke na aelekee linakotokea. Vikundi vya Sungusungu vilipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, vilijengwa juu ya wajibu huo, na asiyeitikia mwano aliulizwa na jamii yake alikuwa wapi. Ni kweli kwamba mara nyingine yowe liligeuka kuwa kipigo na mauaji bila hukumu, jambo ambalo Mkristo hawezi kulikubali. Lakini kiini chake ni chema: kilio cha mmoja ni wajibu wa wote.

Kwa nini wajibu huo hupotea tunapohamia mjini na vyuoni? Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaweka wanafunzi wa chuo kikuu mmoja mmoja katika vyumba na kuwasikilizisha sauti ya mwenzao aliyeonekana kushikwa na kifafa. Wanafunzi walioamini kwamba wao peke yao ndio waliosikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla kilio hakijaisha. Walioamini kwamba wako wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu waliofanya hivyo. Si kwamba hawa wa pili walikuwa wabaya zaidi. Kila mmoja alidhani mwingine atakwenda.

Hivyo ndivyo ilivyo katika hosteli yenye vyumba arobaini. Kelele inasikika, na vyumba thelathini na tisa vinasubiriana.

Je, katika mahali unapoishi sasa, ni kitu gani kinachowafanya watu wasubiriane? Kama mwano ungepigwa usiku huu karibu na mlango wako, ungekuwa wa ngapi kutoka?

JUMATATU — Agosti 17

Waliokuwa Nyumbani mwa Amnoni

Soma 2 Samweli 13:1–22. Wataje watu wote waliokuwa na nafasi ya kumlinda Tamari, au kumtetea baadaye. Kila mmoja alifanya nini?

Tunapoisoma habari hii huwa tunawaona watu wawili tu, Amnoni na Tamari. Lakini nyumba ilikuwa na watu. Yupo Yonadabu, rafiki mwerevu, aliyeiona tamaa ya Amnoni na badala ya kumkemea akampa mbinu. Wapo watu waliotolewa chumbani kwa amri ya Amnoni. Wote wakatoka, na hatusomi kwamba hata mmoja aliuliza sababu. Yupo mtumishi aliyemtoa binti akilia na kulifunga komeo nyuma yake, kwa kuwa bwana wake alisema. Yupo Absalomu, aliyemwambia dada yake anyamaze kwa kuwa mtendaji ni ndugu. Na yupo Daudi, mfalme na baba, aliyekasirika sana. Hasira yake haikuzaa hukumu, wala ulinzi, wala neno lolote kwa binti yake.

Tamari mwenyewe hakunyamaza. Alikataa kwa maneno ya wazi, akatoa sababu, akataja sheria ya Israeli, na baadaye akalia njiani mbele ya watu wote. Alifanya kila kitu ambacho watu husema kwamba aliyebakwa angefanya. Hakukosa sauti, alikosa mtu wa kuiitikia.

Taifa letu lina kumbukumbu ya aina hii. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na kikundi cha siri cha wanafunzi kilichojiita Punch. Kilibandika ukutani michoro na maandishi ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana waliokataa kutongozwa. Wengi walisimama kusoma na kucheka. Aliyeandikwa alitengwa na wenzake, maana aliyemtetea aliogopa kuandikwa yeye siku inayofuata. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijiondolea uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa kwa muda. Ndipo nchi ikashtuka. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na juhudi za miaka iliyofuata zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Waliobandika karatasi walikuwa wachache. Waliosimama kuzisoma walikuwa wengi, na bila wasomaji karatasi zile zisingekuwa na nguvu. Leo ukuta umehamia kwenye simu. Picha ya binti aliyelewa, au ujumbe wa kejeli juu ya mwanafunzi aliyemkataa mtu, hutumwa katika kundi la darasa lenye watu mia mbili. Anayeufungua, akacheka na kuusambaza, amekaa kiti cha Yonadabu. Anayeufungua na kunyamaza anafanana na wale waliotoka chumbani walipoamriwa.

Sheria ya Tanzania inaona hivyo pia kwa sehemu yake. Chini ya kifungu cha 131A cha Kanuni ya Adhabu, ubakaji ukifanywa na kundi, kila aliyemo anayetenda au kusaidia kutendeka kwake huhesabiwa kuwa mbakaji, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. “Mimi nilishika mlango tu” si utetezi.

Ukimwangalia kila mtu katika 2 Samweli 13, ni yupi anayefanana nawe zaidi unapokuwa na marafiki zako? Ni neno gani Yonadabu angeweza kumwambia Amnoni siku ile ambalo lingebadili mambo yote?

JUMANNE — Agosti 18

Mgeni Kisimani

Soma Kutoka 2:15–19. Musa alikuwa katika hali gani alipofika Midiani? Alikuwa na sababu gani za kutojiingiza katika ugomvi wa watu wengine?

Musa alikuwa mkimbizi. Hakujua desturi za nchi ile, wala hakuwa na ndugu wala mwenyeji. Wachungaji waliowafukuza wasichana walikuwa wengi, na yaelekea lilikuwa jambo la kila siku, maana baba yao alishangaa kuwaona wamerudi mapema. Watu wa pale walikwisha kulizoea. Ndiye mgeni aliyeliona kuwa ni uonevu. Akasimama, akawasaidia, kisha akawanyweshea kundi lao. Mapema, huko Misri, alipojaribu kutetea mtu aliyeonewa, aliua na kuficha mwili mchangani. Kisimani Midiani hatusomi kwamba alimpiga mtu. Alikuwa ameanza kujifunza kutetea bila kuua.

Vyuo vya Mwanza vinakusanya vijana kutoka pande zote. Katika ukumbi mmoja wa mihadhara huko Malimbe au Bugando wamo Wasukuma, Wakerewe, Wakurya, Wahaya, Wajita, Wachaga na Wamakonde, na pengine wageni kutoka nchi jirani. Kila mmoja amekuja na mafundisho ya nyumbani. Mmoja amelelewa kusikia kwamba msichana mwenye heshima hukataa mara tatu kabla ya kukubali, kwa hiyo neno lake la kukataa halina uzito. Mwingine ameambiwa kwamba mambo ya mwanamume na mwanamke hayaingiliwi. Mwingine ameona kwao binti akikamatwa njiani na kupelekwa kuolewa, na watu wakaita ni desturi. Mwingine anaona aibu kusema kwa sababu yeye ni mgeni, Kiswahili chake kina lafudhi, au anayetenda ni wa kabila lake na kumkemea ni kama kuwasaliti watu wa kwao.

Hakuna utamaduni usio na lililo jema na lililopotoka. Injili haituambii tudharau kwetu, inatuambia tulipime kila jambo kwa kipimo kimoja, kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwa. 1:27). Mwano unapita kipimo hicho. Kumkamata binti kwa nguvu hakupiti, hata kama babu zetu walifanya.

Soma sasa Ruthu 2:8, 9, 22. Boazi alifanya nini kumlinda mwanamke mgeni kabla jambo lolote baya halijatokea?

Boazi hakungoja kilio. Aliwaambia vijana wake mapema, waziwazi, kwamba Ruthu asiguswe. Kama neno lile halikuhitajika, asingelisema. Na Naomi, aliyeyajua mashamba ya wengine, alilishukuru. Mwanamume mwenye heshima anaposema mbele ya wanaume wenzake, “Hapa kwetu jambo hilo halifanyiki,” huzuia maovu mengi kuliko mlinzi wa getini. Nairobi, katika shule za vitongoji maskini, wavulana wamefundishwa kuheshimu wasichana na kuingilia kati wanapoona mwenzao akimsumbua mtu. Walipofuatiliwa baadaye, waliofundishwa walifaulu kuzuia tendo mara nyingi zaidi kuliko wasiofundishwa. Ujasiri hufundishwa, kama kuogelea.

Ni msemo gani wa kwenu, unaosemwa kwa utani, ambao humfanya mtu aone kwamba kumlazimisha mwingine si kosa kubwa? Ungewezaje kuujibu bila kuwadharau wazee wako?

JUMATANO — Agosti 19

Kamba na Matambara

Soma Yeremia 38:6–13. Orodhesha hatua alizochukua Ebedmeleki Mkushi. Ni ipi iliyohitaji ujasiri? Ni ipi iliyohitaji akili? Ni ipi iliyohitaji upole?

Yeremia alikuwa anazama katika matope ya shimo, na wakuu wa Yerusalemu walijua, maana ndio waliomtia. Mwafrika mmoja, mtumishi katika nyumba ya mfalme, alisikia. Hakusema kwamba mambo ya wakubwa hayamhusu. Wala hakukimbilia shimoni peke yake. Alikwenda kwa mwenye mamlaka na kulitaja jambo kwa jina lake. Alipewa watu thelathini. Kisha akafikiria kwapa za nabii, akachukua matambara makuukuu ili kamba isimchubue.

Wengi wetu hatuingilii kati kwa sababu tunadhani njia ni moja tu, ya kupigana. Ebedmeleki anatuonyesha kwamba ziko nyingi. Chukua mfano huu. Ni usiku wa kumaliza mitihani, katika geto karibu na chuo. Vijana wanasherehekea. Msichana wa mwaka wa kwanza amenyweshwa kitu asichokizoea, na kaka wa mwaka wa tatu anasema atampeleka kulala. Anamshika kiuno, miguu ya msichana haina nguvu. Wewe umefika kufuata chaja yako tu. Unaweza kufanya nini?

Unaweza kusema wazi. “Kaka, huyu hajiwezi. Sisi tutamrudisha hosteli.” Sema kwa utulivu, bila matusi. Mara nyingi neno moja la mwenzake hutosha kumzindua mtu.

Unaweza kuvunja mazingira. Mwite msichana kwa jina. Mwambie mwenzake wa chumba anamtafuta. Muulize yule kaka habari ya mtihani, mwombe akusaidie kuwasha pikipiki. Abigaili aliepusha damu kwa mikate na maneno ya unyenyekevu (1 Sam. 25:18–31). Kuchelewesha uovu kwa dakika kumi ni kutoa nafasi ya msaada kufika.

Unaweza kutafuta watu thelathini. Ita marafiki wa msichana, mwenye nyumba, mlinzi, mama wa hosteli, au bodaboda unayemfahamu. Ikiwa kuna silaha au kundi, usijitose peke yako. Piga yowe na uwaite polisi. Ukiwa wewe ni msichana, au umbo lako ni dogo, hii ndiyo mara nyingi njia iliyo salama.

Unaweza kubaki. Usiondoke mpaka aliye hatarini amefika mahali salama na mtu anayemwamini.

Wakati mwingine shimo si geto bali ni ofisi. Mwaka 2020 TAKUKURU ilitoa matokeo ya utafiti wake juu ya rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kudai ngono ili kutoa alama au huduma ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwanafunzi mwenzako akikuambia kwamba ameitwa ofisini jioni kwa ajili ya “matokeo yake”, usimwambie akajaribu bahati. Msindikize. Msaidie kutunza ujumbe aliotumiwa. Nenda naye Dawati la Jinsia la chuo, kwa mshauri wa wanafunzi, au mpigie simu TAKUKURU kwa namba 113 bila malipo.

Ni ipi kati ya njia hizi iliyo rahisi kwako kulingana na tabia uliyopewa na Mungu? Ni nani wawili au watatu ambao ungeweza kuwaita leo usiku wakawa “watu thelathini” wako?

ALHAMISI — Agosti 20

Baada ya Kilio

Soma Luka 10:30–37. Msamaria hakuwepo wakati wa shambulio. Je, alikuwa amechelewa?

Kuhani na Mlawi waliona, wakapita upande wa pili. Msamaria alisogea, akafunga majeraha, akamchukua, akalipa, akaahidi kurudi. Wengi wetu hatutakuwepo chumbani saa ya uovu. Lakini tutakuwepo asubuhi yake, wakati rafiki anakaa kitandani bila kusema, au anapoacha kuja kwaya ghafla. Hapo pia sisi ni mashuhuda, na maneno yetu yanaweza kuwa mafuta au chumvi kwenye jeraha.

Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Meru, Kenya, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Baadaye kiongozi mmoja wa shule alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, walitaka kubaka tu. Maneno hayo yaliishtua dunia. Lakini hata sisi huyasema kwa namna nyingine: “Shukuru hukuuawa.” “Ndiyo ujana huo.” “Mlikuwa wapenzi, basi ni nini?”

Rafiki akikuambia alilotendewa, sema mambo matatu: ninakuamini, si kosa lako, hauko peke yako. Usimhoji kama hakimu. Mweleze kwamba ni vizuri asioge wala kufua nguo kabla ya kuonana na daktari, kwa ajili ya ushahidi. Mpeleke hospitali mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza kutumiwa ndani ya saa 72. Polisi hutoa fomu namba 3, iitwayo PF3, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mahali penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, matibabu, polisi na ushauri hupatikana pamoja. Nenda naye, ukae naye kwenye benchi. Yote haya yanamhusu pia mvulana aliyetendewa hivyo, ambaye mara nyingi huogopa kuchekwa kuliko kuumwa.

Soma Mambo ya Walawi 5:1. Mungu anamwonaje shahidi anayejua lakini hasemi?

Hapa kanisa nalo linapimwa. Mara nyingine aliyetenda ni kiongozi wa vijana, mwanakwaya, au mtoto wa mzee wa kanisa, na tendo limetokea wakati wa makambi au safari ya uinjilisti. Ndipo wazee wanakutana na familia mbili, kunatolewa fedha au ng'ombe, watu wanaomba, na jambo linafungwa ili jina la kanisa lisichafuke. Wengine humpa binti fungu la Mathayo 18:15 na kumwagiza aende akaonane na mtendaji faraghani. Fungu hilo linahusu ndugu aliyekosana na ndugu. Halikuwekwa ili kumrudisha kondoo mdomoni mwa mbwa mwitu, wala haliondoi kazi ya serikali ambayo Mungu ameiweka kuadhibu uovu (Rum. 13:1–4). Ubakaji ni jinai, na adhabu yake katika sheria yetu haipungui kifungo cha miaka 30. Jinai haimalizwi kwenye kikao cha baraza.

Toba ya kweli ya mtendaji inawezekana, na neema ni pana ya kutosha hata kwake. Lakini mwenye toba hukubali kuwajibika. Hawi mtu wa kufichwa. Na kinachochafua jina la Kristo ni kilio ambacho watu wake walikisikia na kukifunika.

Ikiwa mtu aliyeumizwa angeketi katika darasa lako la Sabato hii, ni maneno gani yanayosemwa humo yangemfanya aone kwamba anaweza kukuamini? Ni maneno gani yangemfunga mdomo?

IJUMAA — Agosti 21

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Isaya 59:14–16 pamoja na sura ya 54 ya kitabu cha Tumaini la Vizazi Vyote cha Ellen G. White, inayohusu Msamaria mwema.

Nabii Isaya anaeleza mji ambao haki imesukumwa nyuma na kweli imeanguka njiani. Bwana anatazama, na linalomshangaza ni kwamba hapana mtu, hapana hata mmoja wa kuingilia kati. Kisha mkono wake mwenyewe unaleta wokovu.

Hii ndiyo injili. Mungu hakuwa mtazamaji wa mateso yetu. Hakuuliza kwanza tulifikaje shimoni, wala tulikuwa tumevaa nini. Katika Kristo alikuja mahali kilio kilikosikika, akasimama kati ya mwenye kuumiza na mwenye kuumizwa, na yeye mwenyewe akavuliwa nguo na kudhihakiwa mbele ya umati uliosimama ukitazama (Luka 23:34, 35). Anamjua Tamari. Anaujua ukuta ule na waliosimama kuusoma. Kwa hiyo aliyeumizwa ana Mwokozi anayemwelewa, na aliyewahi kunyamaza ana mahali pa kuungama na kuanza upya, kama Musa alivyoanza upya kisimani.

Mithali 24:12 inatuambia kwamba yeye apimaye mioyo anajua tulichokijua. Hatudai tuwe mashujaa wa kutangazwa redioni. Anauliza tu kama tulitoka nje tuliposikia.

Maswali ya Kujadili:

1. Waombe washiriki wa makabila au nchi mbalimbali darasani waeleze jinsi yowe la hatari lilivyopigwa na kuitikiwa kwao. Ni wajibu gani uliowekwa kwa anayesikia? Tunawezaje kuurudisha wajibu huo katika hosteli na magheto bila kurudisha kipigo cha umati?

2. Mwanachama wa TUCASA anasema, “Msichana aliyekwenda kunywa pombe amejitakia. Nikimsaidia nitakuwa nimekubaliana na dhambi yake.” Mjibuni kwa kutumia Luka 10 na Kumbukumbu la Torati 22:26.

3. Katika darasa lenu, nani anajua mahali lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu, na hospitali inayotoa huduma usiku? Kama hakuna anayejua, pangeni sasa nani atauliza na kuleta jibu Sabato ijayo.

4. Wanaume wa darasa: ni lini mara ya mwisho ulimwambia mwanamume mwenzako, kwa upendo na wazi, kwamba anavyomtendea au anavyomzungumzia mwanamke si sawa? Kitu gani hufanya maneno hayo yawe magumu zaidi kuliko kuhubiri?

5. Kanisa lenu lina utaratibu gani taarifa ya ukatili wa kijinsia inapoletwa? Nani huambiwa kwanza? Je, aliyeumizwa hulindwa asikutanishwe na mtendaji? Ni badiliko gani moja mnaloweza kulipendekeza kwa baraza kabla ya robo hii kuisha?